Jinsi Torgils Hegglund Alivyoukomboa Ujia wa Nyumba Yake

Sogeeni, enyi wenye makabati yasiyofungika na droo zinazogoma katikati, nanyi mnaotunza ufunguo wa baiskeli iliyokwisha kuibwa zamani. Tulieni niwasimulie vita vya siku kumi vilivyopiganwa mjini Kongsberg, ngazi ya C, ghorofa ya pili, mwishoni mwa majira ya baridi, vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja la kidole gumba, na ambavyo wanahistoria wa ufalme, kwa sababu zao wenyewe, hawakuviandika. Mimi Arnfinn niliviona kwa macho yangu, nikiwa nimeketi juu ya kabati la viatu kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuketi. Na kwa vile shujaa wa vita hivyo, ndugu yangu Torgils, amekwisha kulala, naye hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujisimulia, naona ni haki niviandike kabla sijaanza kuvichanganya.

Ewe kumbukumbu, uliye mzee kama mimi na mwenye goti bovu kama langu, nipe pumzi nilitaje jeshi la adui jinsi lilivyojipanga.

Kutoka mlango wa mbele hadi jikoni kulikuwa na ujia wa hatua sita. Upande wa kushoto zilisimama ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, jozi saba, zimeegemea ukuta kama mikuki ya walinzi wasiosinzia. Na watu wa nyumba ile walikuwa wawili tu. Nyuma yazo zilijificha fimbo zake kumi na tano, maana moja ilikuwa imefiwa na pacha wake. Upande wa kulia lilijikita kabati la viatu, zito kama ngome, na juu yake mikoba ya safari za milimani imefungwa pamoja kwa mkanda mmoja. Mbele ya kabati kilikaa kiti cha barafuni, chenye vyuma viwili virefu chini yake, ambacho mtu hushika nyuma akakisukuma kwa mguu kwenda dukani. Pembeni ilisubiri kekee ya kutobolea barafu ya ziwa, yenye urefu wa kufika kifuani na meno ya kutisha. Na sakafuni, mahali ambapo kidole cha mguu hupenda kupita, lilikuwepo sanduku la makopo ya nta ya ski: nta ya theluji kavu, nta ya theluji mbichi, na nta ya theluji isiyojielewa.

Mwenye jeshi hili aliitwa na mtaa mzima Torgils Asiyetupa. Alikuwa na neno moja kwa kila kitu kilichopita mkononi mwake, kiwe kizima au kimevunjika, nalo ni, "Kitafaa."

Vita vilianzia kwenye barafu ya kituo cha basi, mahali ambapo mkewe, Oddny Mwenye Amri, aliteleza akavunjika nyonga. Hospitali ilimtia vyuma, ikamfundisha kutembea upya, ikampa kigari cha kutembelea chenye magurudumu manne. Kisha manispaa ikamtuma Tordis, Mshika Utepe, mwanamke mrefu mwenye koti la kijani, ambaye kazi yake ni kuona kama mgonjwa anaweza kurudi kwake. Aliingia kwa kutanguliza ubavu, akanyoosha utepe wake kati ya ski na kabati, akaupiga jicho, akaupiga tena.

"Bwana Hegglund," akanena, "kigari cha mkeo kina upana wa sentimita sitini na mbili. Mimi nahitaji themanini. Hapa kuna arobaini na sita."

"Atapita upandeupande," akasema kaka.

"Na nyonga ya vyuma?"

"Oddny ni mwembamba."

"Kigari si chembamba, bwana."

Hapo Mshika Utepe akatangaza masharti yake, bila kupandisha sauti, jambo ambalo lilitisha zaidi. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, angerudi. Akikuta sentimita themanini, Oddny angeletwa nyumbani. Asipozikuta, Oddny angepelekwa katika makao ya kutunzia wagonjwa, juu bondeni, mwendo wa saa mbili kwa basi, akae huko hadi lifahamike la kufanya, pengine hadi kiangazi.

Simu ikalia kabla hajamaliza kufunga zipu ya koti. Alikuwa Oddny, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, maana wauguzi wa hospitalini walikuwa wanafunzi wake wa zamani na hawakuwahi kuacha kumwogopa.

"Torgils, kule juu wanazima taa saa moja jioni na samaki wao hana chumvi. Mimi nataka jikoni kwangu."

"Nitavitoa vyote kesho, mke wangu."

"Hapana. Nakujua. Ukianza na vyote utakaa chini uanze kuvipapasa. Kimoja kwa siku. Kimoja tu, lakini kitoke kabisa."

"Kimoja kwa siku," akasema kaka, akiwa amesimama wima kwenye simu kama askari.

"Na Arnfinn yupo hapo?"

"Nipo, shemeji," nikapaza sauti.

"Wewe usimsaidie kukumbuka."

Ndivyo ilivyotolewa Amri ya Kimoja kwa Siku.

Siku ya kwanza shujaa aliamka mapema, akavaa sweta la sufu, akala mkate wenye jibini la kahawia akiwa wima, kama wafanyavyo wapiganaji, akaikabili kekee. "Ewe kekee," akanena, "umetoboa maziwa tisa, umetupatia samaki wa kutosha harusi mbili, na mara moja umenitoboa kiatu, nami sikukulaumu. Leo nakuweka huru." Kisha akaibeba hadi chini, akaiegemeza kando ya masanduku ya barua, kwa kuwa ndiyo desturi ya jengo lile: kitu kikiwekwa pale ni cha atakayekitaka.

Kabla ya chakula cha mchana kengele ililia. Mlangoni alisimama Gunnvor wa ghorofa ya chini, mjane wa miaka sabini na minane, anahema, amekumbatia kekee.

"Torgils, umesahau chombo chako chini," akasema. "Kingeibwa. Bahati nimeona jina."

Hapa, wasikilizaji, lazima niwafunulie siri ya jeshi hili. Kila kitu alichomiliki Torgils kilikuwa na jina lake. Hakuliandika kwa wino, maana wino hufutika; alilichoma kwa chuma cha moto, na pasipochomeka alishona kitambaa, herufi nene: T. HEGGLUND. Na sababu ya chuma hicho ni mimi. Tulikuwa ndugu watano katika nyumba moja, na majira fulani ya baridi nilichukua ski zake bila kuuliza nikarudisha moja. Tangu siku hiyo kaka alichoma jina hadi kwenye mpini wa kijiko cha uji.

"Asante sana, Gunnvor," akasema Torgils, akaipokea kekee, akaisimamisha pale pale ilipotoka.

Mlango ulipofungwa nikamwuliza, "Kaka, si ungemwambia tu umeitupa?"

"Amepanda nayo ghorofa mbili, Arnfinn. Mtu amekupandishia chuma ghorofa mbili, unamwambia ni takataka?"

Sisi ndivyo tulivyo. Mji wetu ni mji ambao mtu akiokota glovu njiani huichomeka kwenye mti wa uzio ili mwenyewe aione akirudi, na glovu hukaa pale hadi masika ikipunga mkono.

Siku ya pili alikisukuma kiti cha barafuni mitaa mitatu, akakiacha nyuma ya duka la vyakula, akarudi kwa miguu kwa njia ya kuzunguka kama jasusi. Saa nane mchana mwenye duka alikileta kwa gari lake mwenyewe, akaomba radhi kwamba amekigonga kidogo kwenye lango.

Siku ya tatu alipeleka sanduku la nta kwa gulio la mitumba la bendi ya shule, ambako mji mzima hupeleka vitu na ambako hakuna aliyewahi kuulizwa swali. Steinar, mpiga tarumbeta mkubwa na mkuu wa gulio, alilirudisha jioni ile ile akiwa amelishika kama mtoto mchanga.

"Nilipoona jina nikajua umechanganya maboksi," akasema. "Torgils Hegglund kutoa nta? Hii ya kijani haitengenezwi tena, mzee. Nimemfokea aliyeipokea."

"Hukupaswa kumfokea," akasema kaka kwa huzuni ya kweli.

Siku ya nne tukaamua kutumia maandishi. Nilichukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa CHUKUA TAFADHALI, nikaibandika kwenye mikoba ya milimani, tukaishusha kwenye masanduku ya barua. Nani angeweza kukosea? Gunnvor alipanda tena, na safari hii alikuwa amekasirika.

"Kuna mtu amekuchezea, Torgils. Amebandika karatasi eti watu wachukue mikoba yako. Mikoba yako wewe. Nimeichana. Watu hawana adabu siku hizi, na mwandiko wenyewe mbaya."

Nikatazama dari.

"Halafu na hii," akaongeza, akatoa glovu ya sufu mfukoni. "Ilikuwa nyuma ya mashine ya kufulia kule chini. Ina kitambaa chenye jina lako. Nadhani ni ya tangu mwaka ule wa mafuriko."

Kaka akashukuru, akaitundika glovu kwenye msumari. Nilitwaa utepe wa kupimia nikapima. Sentimita arobaini na tano. Baada ya siku nne za mapambano tulikuwa tumepoteza moja. Shuleni nilisoma vita vingi, na nilivipenda. Lakini sikuwahi kukuta jeshi ambalo likishindwa asubuhi hurudi mchana limepewa lifti.

Jioni Oddny alipiga simu kudai taarifa, na kaka akampa yote bila kuficha, hata mwandiko wangu. Kisha tukasikia kicheko, kikapanda, kikavunjika, na sauti ya muuguzi ikauliza kama mwalimu anaumwa.

"Torgils," akasema Oddny alipoweza, "mume wangu, mjinga wangu. Huwezi kukiondoa kitu hali kinasema ni chako. Lifute jina."

"Jina gani?"

"Lako."

Nilimwona kaka akibadilika uso. Aliyekuwa tayari kuachana na kekee, kiti na nta ya kijani alisimama pale ameshika simu, macho yamemtoka, kama aliyeambiwa akate sharubu za marehemu baba.

"Lilichomwa, Oddny. Halikuandikwa."

"Basi tafuta msasa. Siku zimebaki sita. Na mimi sitaki samaki asiye na chumvi."

Siku ya tano, tazameni, shujaa aliketi kwenye kiti cha jikoni mlangoni, kekee imelala mapajani, msasa mkononi, akakwangua. Vumbi la mti lilimwangukia magotini. Kulipobaki doa jeupe mahali pa jina, aliipuliza, akaishusha, akapanda, tukangoja kengele. Kengele haikulia.

Kesho yake tulikutana na Gunnvor ngazini, macho yanang'aa.

"Mmeona bahati yangu? Nimeokota kekee ya barafu hapo chini. Nzuri, chuma cha zamani, na haina mwenyewe. Nitampa shemeji yangu kule ziwani."

"Hongera," akasema Torgils.

"Kama ile yako, lakini hii ni imara zaidi."

"Naona," akasema Torgils, na mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Ndipo safu za adui zilipoanza kuvunjika. Siku ya sita kiti cha barafuni kilikwanguliwa, kikashuka, kikatoweka na mtu asiyejulikana. Utepe ukasoma hamsini na tisa. Siku ya saba sanduku la nta lilirudi gulioni likiwa halina baba wala mama, na Steinar, tuliambiwa, alilinunua mwenyewe kabla halijafika mezani. Sitini na nne. Siku ya nane mikoba ikaondoka, vitambaa vya majina vikiwa vimetolewa kwa wembe. Sitini na saba. Glovu niliitia mfukoni mwangu, kwa kuwa glovu moja haihesabiki kuwa kitu.

Zikabaki ski, na yalizuka mashauri makali kwa njia ya simu, kama yale ya wajumbe wa falme mbili.

"Ski zote ni kitu kimoja," akasema Oddny.

"Ni jozi saba, kwa hiyo ni vitu saba. Amri ni kimoja kwa siku. Amri ni yako."

"Mara ya mwisho umevaa ipi?"

"Ile ndefu."

"Na hizo nyingine sita?"

Kaka akafikiri kwa uaminifu. "Zinaipa ile ndefu kampani."

"Basi hizo sita ni kitu kimoja, na ile ndefu ni kitu kimoja. Na fimbo zinafuata ski zake. Siku mbili, vitu viwili. Lala salama."

Siku ya tisa alikwangua majina kumi na mawili, maana kila ski ilikuwa na lake, na hapo ndipo lilipotoka lile tone la damu nililowaahidi. Nilimfunga plasta. Alikataa kupumzika. Jozi sita za mume na za mke, za ujanani na za unene wa baadaye, zilishuka ngazi na fimbo zake zote, na pale chini zilikusanyika sauti za majirani waliokuwa wakitumaini kuzipata na kuulizana ni za nani. Tukapima. Sabini na nane.

Sabini na nane, wasikilizaji. Na upande wa pili wa zile sentimita mbili alikuwa Oddny.

Asubuhi ya siku ya kumi ile jozi ndefu ilisimama peke yake ukutani. Ilikuwa na mti mweusi na ncha zilizojipinda kwa madaha, na kwa jozi ile kaka yangu alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya bonde, majira ya baridi ya mwaka aliomposa Oddny. Mimi nilikuwa wa nne. Tulibishana miaka arobaini na tisa kama alinikata njia kwenye kona ya mwisho.

"Kaka," nikasema, "labda tukisogeza kabati. Labda tukikwangua ukuta wenyewe."

"Kabati limegota. Nimeshajaribu jana ulipokuwa chooni."

Akazilaza mapajani. Nilitegemea hotuba, kwa kuwa alikuwa amekihutubia kila kitu, hata makopo ya nta, kimoja kimoja. Safari hii hakuhutubu. Alianza kutoka mwisho wa jina akirudi mwanzo. Ikaondoka D. Ikaondoka N. Jina la baba yetu likafupika mbele yangu, likawa HEGG, likawa HE, likawa si kitu, ikabaki herufi T peke yake na kinukta chake. Hapo akasimama.

"T naiacha," akasema.

"Gunnvor anaijua T."

"Kuna watu wengi wa T."

"Ngazi ya C hakuna."

Nje theluji ilikuwa ikidondoka kutoka bati moja baada ya jingine. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Nilikukata njia?"

Ningeweza kulidai neno hilo, maana nililingojea zaidi ya nusu ya umri wangu. Nikatazama ule msasa.

"Hukunikata," nikasema. "Nilichoka."

Akacheka kwa pua. "Nilikukata, Arnfinn," akasema, akaikwangua T.

Alizishusha mwenyewe, hakutaka nizishike. Tuliposimama dirishani, kahawa ikiwa bado inatoa mvuke, tulimwona mwanamke tusiyemjua ameziweka begani, anaelekea njia ya msituni kwa hatua ndefu. Kaka alimfuata kwa macho hadi kwenye miti.

"Anazibeba vizuri," akasema.

Siku ya kumi na moja, saa nne kamili, Mshika Utepe alipiga kengele. Aliingia akiwa ametanguliza kifua, akagundua kwamba si lazima tena ubavu, akasita. Alipima mlangoni, akapima katikati, akapima penye kabati, na hapo penye kabati akapiga goti moja sakafuni akaangalia kwa makini, wakati wanaume wawili wenye jumla ya miaka mia moja na hamsini walikuwa wameacha kupumua.

"Themanini na nusu," akanena Tordis.

"Hiyo nusu ni ya kwako," akasema kaka. "Tumeiongeza."

Tordis hakuwa mtu wa kucheka kazini. Aliandika kwenye karatasi yake, akaikunja, akafika mlangoni, akageuka. "Huwa hawawezi," akasema. "Nimepima nyumba za kutosha. Huwa hawawezi." Akaenda.

Ijumaa gari la wagonjwa lilimleta Oddny. Aliingia akisukuma kigari chake, kofia kichwani, akakataa mkono wa kaka na akakataa wangu, akauelekea ujia kama malkia anayeingia katika mji uliofunguliwa. Magurudumu yalizunguka. Hayakugusa ukuta wa kushoto, hayakugusa kabati la kulia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika hatua ya nne akasimama, nami nikadhani ni nyonga.

Alikuwa akitazama ukuta.

"Torgils," akasema, "hapa ukutani kuna karatasi ya maua."

"Ipo," akasema kaka.

"Maua ya samawati."

"Tuliibandika pamoja, Oddny. Wewe ulishika gundi."

Akayagusa maua yale kwa ncha ya kidole, akayafuata kidogo, kama anayesoma. Kisha akasema kwamba kipande cha juu kimebandikwa kombo, na kwamba kosa lile halikuwa lake, akazimaliza hatua mbili zilizobaki akaingia jikoni.

Basi na iandikwe, kama si katika vitabu vya ufalme, angalau hapa. Wapo waliovuka milima na jeshi, wakateka miji ambayo haikuwa yao, wakajengewa sanamu za shaba ambazo njiwa hukaa juu yake. Lakini sijasikia hata mmoja wao aliyeteka sentimita thelathini na nne na nusu za nyumba yake mwenyewe, adui akiwa ni yeye mwenyewe, silaha ikiwa ni kipande cha msasa, ili mtu mmoja aweze kwenda kuweka birika motoni. Torgils Hegglund aliziteka. Birika likachemka. Oddny alimimina vikombe vitatu bila kuketi, akatutazama wote wawili tuliokuwa bado tumesimama mlangoni kama walinzi, akasema, "Haya, piteni. Pana nafasi."